Binti wa Kilabuni

Jumatatu, 12 Mei

Paredi, usafi, uji. Upepo wa Mkonze umejaza vumbi hadi kwenye boksi la chaki. Muhula wote huu nakaimu ualimu mkuu. Mwalimu Joel naye anatajwa kwa nafasi hiyo. Mtoto wa mchungaji, mpole, hapandishi sauti. Mimi nikicheka darasa la saba wanachungulia. Nafasi naitaka. Naitaka sana.

Jumatano, 14 Mei

Wazazi wamesikia tunajenga uzio na kufunga njia yao ya mkato uwanjani. Wamewaka. Baba Tatu, ambaye binti yake yuko darasa la nne, ameapa kuung'oa. Kikao Ijumaa, palepale uwanjani. Afisa elimu kata atakuwepo kutupima mimi na Joel.

Ijumaa, 16 Mei

Joel alianza. Maneno mazuri, yamepangika. Wakamzomea. Nilimwonea huruma kweli.

Zamu yangu. Baba Tatu kasimama, anapayuka. Nilitaka kumjibu vilevile. Nikamkumbuka mama na kilabu chake cha pombe kule Chemba. Mlevi akianza fujo, mama hakubishana naye. Alimpa kazi: shika chujio, nisogezee pipa. Mwenye kazi mkononi kelele humpungua.

Nikachukua kamba ya kupimia uzio. "Baba Tatu, hebu shika huku. Tuonyeshe geti la watoto likae wapi."

Akashangaa. Akashika. Punde anawafokea wenzake wavute vizuri! Geti litakuwa upande wa kwao. Uzio umepita kikaoni.

Baadaye afisa akauliza mbele ya walimu wote nimesomea wapi mbinu ile. Kilabu sijawahi kukitaja, chuoni wala kanisani.

"Kilabuni kwa mama yangu. Nimekulia humo."

Joel akakohoa. Afisa hakucheka.

Jumamosi, 17 Mei

Nimejichongea. Nimefua, nimepika mlenda, sijala. Mtoto wa nyoka ni nyoka, watasema. Waseme. Ajabu ni kwamba moyo mwepesi.

Alhamisi, 22 Mei

Wameniteua mimi. Joel ndiye wa kwanza kunipa mkono, na atakuwa msaidizi wangu. Nimefurahi. Shule inahitaji pia mtu anayejua kunyamaza kama yeye.

Jioni nimempigia mama. Shikamoo, marahaba, habari za mtama. Nikamweleza yote, hata nilivyomtaja. Akauliza polepole kama kweli nilisema hivyo mbele ya wakubwa. Nikamwambia ndiyo, mbele ya wote. Akasema nisikate simu. Nikamsikia anamwita jirani aje asikie.

Nimerudia tangu mwanzo.