Sarufi ya Kibengali na Kalamu Nyekundu

Hallonbergen, Stockholm
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Assalaam alaikum. Natumai goti limepunguza ukorofi na kwamba miwani mipya imekufikia bila kuvunjika. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mafua yaliyokuja na baridi na ambayo kila mtu nyumbani anamwambukiza mwenzake kwa zamu. Mjukuu wako Idrisa amerefuka, ananipita kichwa sasa. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Nilimuuliza mbona hampigii babu yake simu, akasema akizungumza na babu kila neno lina kosa.

Barua yangu ya mwezi uliopita imerudi. Nimehesabu: masahihisho kumi na tisa. Baba, mimi nina miaka arobaini na sita. Umenunua stempu, umepanga foleni posta ya Korogwe na goti lako hilo, ili unirudishie barua yangu mwenyewe ikiwa na neno RUDIA chini yake. Habari za nyumbani umezibana pembeni kwa herufi ndogo, palipobaki nafasi. Kwamba dada amejifungua salama nimelijua kati ya sahihisho la saba na la nane.

Na Mama, kama kawaida: "Mama yako anakusalimu," kwa mwandiko wako. Mara tatu sasa nimekuomba aniandikie mistari miwili kwa mkono wake, na mara tatu umenyamaza. Kwenye simu akipewa husema "haya, wote wazima," kisha anakurudishia kama imemchoma. Leo naomba tena, na safari hii nitakueleza kwa nini. Itabidi nipitie kwenye sarufi ya Kibengali. Usicheke, soma tu.

Unajua kwamba nafundisha Kiswahili katika shule moja ya Rågsved, kwa watoto ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Somo letu huja Alhamisi, baada ya masomo mengine yote, watoto wakiwa na njaa na wenzao wanacheza nje. Sheria ya hapa ni kwamba manispaa hailazimiki kuweka darasa kama watoto hawafiki watano. Mimi nilikuwa nao watano kamili: wawili wa Kenya, wawili wa kwetu, na Furaha, msichana wa miaka kumi na mmoja ambaye wazazi wake walitoka Uvira, Kongo. Akipungua mmoja, mwisho wa muhula darasa linafungwa.

Chumba chenyewe nilikuwa nagawana na mwalimu wa Kibengali, Bwana Harun, mtu wa Sylhet kule Bangladesh. Tuliweka kabati katikati, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Naye alikuwa na watoto watano. Ni mtu mwema, shati lake halikosi pasi, lakini ana ugonjwa mmoja, nao ni historia ya sarufi ya lugha yake. Ukimwambia habari za leo anakuanzishia Lisbon.

Miaka mitatu nimelishwa historia hiyo nikingoja birika lichemke, kwa hiyo na wewe onja kidogo. Sarufi ya kwanza ya Kibengali, anasema, hakuiandika Mbengali. Aliiandika padri Mreno aliyekuwa akihubiri upande wa Dhaka. Ikapigwa chapa Lisbon kwa herufi za Kilatini, na kanuni zake padri alizikata kwa kipimo cha Kilatini. Akaja Mwingereza mmoja wa ile Kampuni ya biashara iliyokuwa inaitawala nchi yao, akaandika yake ili maofisa wa Kampuni waweze kutawala vizuri, na humo ndimo herufi za Kibengali zenyewe zilimoanza kupigwa chapa. Halafu wakaja wasomi wa nyumbani waliobobea katika Kisanskriti, lugha yao ya kale ya dini, wakaivuta lugha huko mpaka ikapatikana lugha ya vitabuni ambayo hakuna mama aliyewahi kumwita nayo mwanawe aje ale. Ulipita muda mrefu mno kabla watu hawajakubali kwamba Kibengali kipimwe kwa Kibengali.

Nami kwa ujinga wangu nikamwambia kwamba hata kwetu sarufi za kwanza ziliandikwa na wamisionari, na kwamba baadaye kamati iliketi ikachagua Kiunguja kiwe ndicho sanifu. Alifurahi kama aliyeletewa ndugu. Tangu siku hiyo sikunywa chai kwa amani.

Kilichokuwa kinaniudhi, Baba, si maneno mengi. Ni kwamba mtu huyu alijua yote hayo, akaja darasani akawafundisha watoto wa Rågsved vitenzi vya vitabu vya zamani, ambavyo hata magazeti ya kwao yameshaviacha. Nilikuwa nawasikia nyuma ya kabati wakivikariri kwa sauti ya kuomba msamaha. Mtoto akiteleza akasema neno la Sylhet, neno ambalo Bwana Harun mwenyewe hulitumia akimpigia mkewe simu, alikuwa anakatizwa papo hapo. Mimi upande wangu nikitikisa kichwa, nikimsikitikia mtu asiyejiona, huku nasahihisha madaftari.

Kisha Furaha akaacha kuja. Alhamisi ya kwanza nilidhani anaumwa. Ya pili nikamtumia mama yake ujumbe, hakujibu. Ya tatu nikakasirika. Nilijisemea kwamba wazazi wa siku hizi hawajali, wanataka watoto wajue Kiswahili lakini wasipoteze hata saa moja. Niliwaza pia darasa langu, nisikufiche. Nimehangaika miaka saba kulipata darasa hilo.

Wiki hiyohiyo ya tatu darasa la Bwana Harun likafungwa. Wawili walijiondoa kwa mpigo, wakabaki watatu, na manispaa haikungoja hata mwisho wa muhula. Nilimkuta anapakia vitabu vyake kwenye masanduku ya ndizi aliyopewa dukani. Nilitegemea ailaumu manispaa, nikajiandaa kukubaliana naye. Badala yake aliketi juu ya sanduku, akaniambia taratibu, kwa Kiswidi:

"Najua kila kosa walilofanya watu wa sarufi yetu tangu yule padri. Nimeyafanya yote, kwa watoto watano."

Birika aliniachia. Nilimsaidia kubeba masanduku mpaka kituoni, na njia nzima hakutaja Lisbon hata mara moja. Hilo nalo liliniudhi, sijui kwa nini.

Kesho yake nikaenda kwa kina Furaha. Mama yake anafanya usafi hospitali na alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, lakini alinikaribisha jikoni akanipa chai. Niliianza hotuba yangu ya umuhimu wa lugha. Aliniacha niimalize. Kisha akaenda chumbani akarudi na daftari la Furaha, akalifungua mbele yangu.

Ilikuwa insha. Niliwaagiza waandike nusu ukurasa kuhusu mtu wa nyumbani, na Furaha alikuwa amejaza ukurasa mzima. Ilikuwa vigumu kuliona hilo, Baba, kwa sababu ya wino wangu. Hakuna mstari niliouacha. Kila "iko" nimeikata, juu ya kila neno la Kongo nimepachika neno letu. Pembeni nimechora kile kiduara chenye mkia unachochora wewe, ambacho sikujua hata kama ninakichora. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, RUDIA.

"Mwalimu," akasema Mama Furaha, "hii yote ni maneno ya mama yangu. Alikuwa anaongea na mtoto kwa simu, mpaka mwezi ya tatu alikufa. Furaha aliyaandika juu asisahau. Sasa anasema koko yake hakukuwa anajua kusema."

Koko ndilo jina lao la bibi. Hakunigombeza.

Nikiwa nimelikodolea macho lile daftari, nilikumbuka mwaka ule wewe ulipokwenda kozi Dodoma, miezi sita. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa amemaliza kisomo cha watu wazima, ana cheti amekibandika ukutani, na akaamua kukuandikia mwenyewe. Alikaa na karatasi ile siku mbili, kwenye mkeka, ulimi nje kama sisi darasa la kwanza. Alikuandikia kwamba mdogo wangu ameanza kutembea. Aliandika vile walivyozungumza kwao Ujiji, ng'ambo ya ziwa na kwa kina Furaha, maana angeandika vipi vingine? Ukamrudishia nyekundu tupu. Alinipa nimsomee lile neno la chini, RUDIA, nikamsomea. Akasema, "Kama hakuelewa, amesahihishaje?" Akaikunja ile barua akaiweka chini ya khanga zake. Miaka thelathini na minane, Baba. Tangu siku ile hajaandika hata orodha ya sokoni, na ukiwapo wewe sebuleni hasemi sentensi inayozidi maneno matatu. Jikoni, ukiwa shule unafundisha, alikuwa anazungumza mpaka ugali unaungua.

Nilimwomba Mama Furaha karatasi safi. Nikamwita Furaha, akaja akasimama mlangoni, akanijibu kwa Kiswidi kwamba ana kazi za shule. Nikamwambia nataka kuinakili insha yake kama alivyoiandika, lakini sioni vizuri chini ya wino, anisaidie. Nikaanza. Kila nilipofika penye mkato niliuliza, "Hapa kulikuwa na nini?" Mara ya kwanza alinong'ona. Mara ya tano alishavuta kiti. Tulipofika katikati ya ukurasa alikuwa anasoma bila kuulizwa, kwa sauti nzito isiyo yake: "Kula kwanza, mambo iko mingi, lakini chakula iko inapoa." Mama yake aligeukia sinki akafungua maji, wala hakukuwa na chombo cha kuosha.

Nami nikaandika: mambo iko mingi. Mkono ulitaka kusahihisha, nakiri, maana mkono huu umeulea wewe. Lakini niliandika, na niliposikia "iko inapoa" nilimsikia Mama, Baba, jikoni kwetu Korogwe, mlango ukiwa umerudishwa. Nililia pale mezani mbele ya mwanafunzi. Furaha akaniletea karatasi ya chooni.

Alhamisi alikuja. Alichelewa na hakunisalimia, lakini alikuja, na darasa lipo. Kiswahili sanifu nitaendelea kukifundisha, usidhani nimerukwa na akili, maana bila hicho watoto wa Nairobi, Tanga na Uvira hawatasoma kitabu kimoja. Ila kile cha nyumbani kwake mtoto anakiandika kwanza, na kalamu yangu nyekundu nimeitupa kwenye taka za plastiki.

Sijaandika haya kukuvunjia heshima. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba lugha ni kitu cha kutunzwa, na wanafunzi wako wamejaa maofisini mpaka leo. Lakini nimechoka, Baba. Nimechoka kuwa na mama ninayemjua kwa mwandiko wako.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha ya pili, ni ya Mama. Nimeweka karatasi tupu mbili na kalamu ya bluu, na anwani yangu nimeshaiandika juu. Mpe mkononi. Kisha beba kiti chako ukakae nje mpaka amalize. Akikuuliza herufi mtajie herufi, usimwongezee neno. Aifunge mwenyewe, na uende naye posta, usiende peke yako.

Nisalimie dada na mtoto wake mchanga, kaka mkubwa na mkewe, shangazi wa Muheza, na jirani yetu fundi cherehani, mwambie koti aliloniongezea bitana ndilo linaloniweka hai huku. Idrisa anakuamkia, kwa Kiswidi, nimekutafsiria.

Barua hii ndiyo yako. Makosa nimekuachia ya kutosha, mengine kwa makusudi. Sahihisha yote, wala usinionee huruma. Tumia wino wote uishe, ili Mama atakapomaliza ya kwake, kalamu yako iwe imekauka.

Akuombeaye afya siku zote,
mwanao
Zuhura