Sukari Kwenye Wino wa Rosela

Kiwalani, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu,

Kabla sijakuamkia nitoe kwanza hili, maana nikianza na salamu nitapata pa kujificha. Mashine ya Doreen haikuharibika yenyewe. Niliiharibu mie. Sijamwambia mtu, si Mama mdogo, si mchungaji, na hata nikisali huwa nalizunguka kama shimo la njiani.

Haya. Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje? Bado unapanda kutoka kisimani na ndoo, au Lugano siku hizi anainuka bila kuitwa mara tatu? Chai inachumika? Mama mdogo anasema mvua huko Tukuyu hazijakata. Huku ni jua na vumbi. Sie tu wazima, na mie ninakula vizuri, usiwaze. Ninachoumwa hakipimwi hospitali.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Lakini simu ni ya Mama mdogo, na akikupigia anaweka ile sauti ya nje, nyumba nzima inakusalimia, jirani naye anakusalimia dirishani, halafu ndege inapita juu ya bati tunanyamaza wote mpaka iishie. Jambo kama hili ningelisemea wapi? Nitampa konda wa basi la huko, aiweke pamoja na kile kitenge chako.

Unajua kwamba Baba mdogo ana steshenari hapo barabarani, anachapa mitihani ya shule, kadi za harusi na picha za pasipoti, tena anatengeneza printa za watu. Tangu nimefika nikitoka shule nakaa naye, kwa sababu pale hakuna anayenitaka niongee. Siku moja alinionyesha katriji ya wino, ile yenye kichwa chake chenyewe, akanipa na kioo cha kukuzia. Mama, chini yake kuna vitundu vyembamba kuliko unywele, vimepangwa mstari. Nyuma ya kila kitundu kuna kijisehemu kinachopata moto kwa kufumba na kufumbua, wino unatokota, povu moja linavimba na kusukuma tone moja nje. Tone moja tu. Halafu lingine, na lingine, yote saizi moja, maelfu kabla hujamaliza kusema jina lako.

Nikamwambia, "Kumbe ni kama sufuria ya uji inavyotema." Baba mdogo akacheka mpaka akakaa. "Mie nimefundishwa haya mambo mwezi mzima, wewe umeyamaliza kwa uji!" Mama, nilikuwa na furaha siku ile. Nilirudi nyumbani nikalisimulia mezani, la uji. Doreen alikuwa anakula, na alisikia.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Doreen ni wa Mama mdogo, kwa hiyo ni mwanao pia, najua, na kwa damu ni dada yangu, tumelala chumba kimoja mwaka na nusu. Lakini yeye alisoma ingilishi midiamu tangu chekechea, na mie nilianza Kiingereza cha kweli kidato cha kwanza. Darasani mie nikiulizwa, jibu linakuja kwa Kiswahili, nalitafsiri, nalipima, na nikilimaliza mwalimu ameshahamia kwa mwingine. Doreen hata asipokuwa na jibu anainuka, na akishainuka jibu linamkuta huko huko.

Sasa, Mama mdogo anatengeneza sabuni za mche hapa uani. Mwezi mmoja jirani alikuja na vidole vimechubuka, kostiki, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, ilikuwa imezidi. Mama mdogo alilia, Mama. Alisema, "Nitajuaje mie imezidi, wakati sabuni zote zinafanana?" Usiku tunaosha vyombo nikamwambia Doreen kwamba juma lile kwenye kemia tulitumia maji ya rosela, yale mekundu ya maua, na yakikutana na kitu kikali yanageuka kijani, kikali zaidi yanakuwa njano. "Kama rosela inajua," nikasema, "tungeitia kwenye katriji tukaichapa kwenye karatasi. Mama mdogo angegusisha tu kwenye sabuni."

"Umesemaje?" Doreen akazima bomba. "Hebu rudia."

Nikarudia. Mikono yangu ilikuwa kwenye mapovu.

Asubuhi yake lilikuwa wazo letu. Ijumaa lilikuwa wazo lake.

Sisemi hakufanya kazi. Ndiye aliyemwomba Baba mdogo ile printa ya zamani, ndiye aliyemfuata Madam wa kemia kumwomba karatasi za kuchujia. Mie nilichemsha rosela na kuichuja mara nne kwenye kitambaa, ili uchafu usizibe vitundu. Nilikata karatasi. Nilichora mpangilio kwenye kompyuta, kiboksi cha rosela hapa, na pembeni yake viboksi vya rangi vya wino wa kawaida, ili mtu alinganishe: kijani hiki endelea, njano hii acha sabuni ikae kwanza. Kilipotoka cha kwanza na tukakigusisha kwenye sabuni iliyolowa, kikageuka kijani mbele ya macho yetu, Mama mdogo alipiga vigelegele mpaka jirani wakaja wakidhani kuna mchumba.

Madam akatuambia tukaionyeshe darasani, watakaofanya vizuri wataenda kwenye maonyesho ya sayansi. Doreen akasimama mbele, mie nyuma na trei. Akasema "ugunduzi wangu", kwa Kiingereza, bila hata kumeza mate. Madam akauliza, "Kwa nini usichovye tu karatasi kwenye rosela ukaanika?" Jibu nilikuwa nalo! Ukichovya, huku inashika sana, kule kidogo, kila karatasi inasema lake. Matone ya mashine yanalingana, kwa hiyo karatasi ya leo na ya kesho zinasema kitu kimoja. Nilikuwa bado natafuta neno la Kiingereza la kulingana. Doreen akalijibu lote, halafu akaeleza tone linavyotoka, akasema ni kama sufuria ya uji inavyotema. Darasa zima likapiga makofi. Uji wangu, Mama.

Madam akanigeukia. "And you, Tusekile?" Nikaangalia trei. Doreen akanisaidia kujibu: "Alinisaidia kuosha na kukata."

Mvulana wa nyuma akapaza sauti, "Profesa Doreen na hausigeli wake!"

Wakacheka. Doreen naye akacheka kidogo. Kidogo tu, lakini nilimwona.

Wivu nilikuwa nausikia kwenye mahubiri, nikidhani ni kitu cha watu wazima wenye mashamba. Kumbe unakaa hapa chini ya mbavu na unakula unachokula. Nikimwona anachana nywele naona wivu. Akikohoa, kikohozi chake naona kizuri kuliko changu. Tulipochaguliwa, Baba mdogo alimnunulia viatu vipya vya maonyesho, na mie pia alininunulia, vilevile, na bado niliona vyake vimekaa vizuri.

Jioni ya kabla ya maonyesho nilitakiwa kujaza katriji. Kwenye friji kulikuwa na majagi mawili, la kwangu nililochuja, na la Mama mdogo, juisi ya rosela ya kunywa, yenye sukari nyingi kama anavyopenda. Rangi moja. Ningeweza kusema nilikosea, na kila mtu angeamini. Sikukosea. Nilionja kwanza ndipo nikajaza. Nilijua sukari ikikauka kwenye vile vitundu inaganda kama gundi. Nikachapa ukurasa mmoja wa majaribio, ukatoka safi kabisa. Doreen akanikumbatia. "Bila wewe sijui ningekuwaje, Tuse." Nikajisikia vibaya, na nikajisikia vizuri. Vyote viwili.

Kesho yake kwenye ukumbi kule Temeke, majaji wawili wakasimama mbele ya meza yetu. Doreen akaeleza vizuri mno, akabonyeza. Karatasi ikatoka, kwenye kiboksi cha rosela mistari miwili tu iliyofifia. Akabonyeza tena. Kiboksi cheupe. Akatoa katriji, akaipangusa, akaitikisa, akaipulizia, na mie nimesimama hatua tatu nyuma. Halafu, Mama, akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Aligeuka mbele ya wote akasema, "Tuse, njoo bwana! Wewe ndo unaijuaga hii." Akawaambia majaji kwa Kiingereza: mwenye kuijua mashine ni mdogo wangu yule, hata wazo ni lake.

Yule jaji mama akaniangalia. "Haya, aje."

Meza ya pembeni kulikuwa na chupa ya maji moto. Sukari inayeyuka kwenye maji ya moto, hata mtoto anajua. Kichwa cha katriji ukikigusisha hapo dakika chache, kinafunguka. Nilichokitamani miezi yote, kuitwa mbele na jina langu, kilikuwa hapo kimeninyooshea mkono. Nikasema sijui. Nilisema kwa Kiingereza. Ndiyo sentensi yangu ya kwanza ya Kiingereza niliyoisema mbele za watu bila kutetemeka.

Majaji wakaandika kitu, wakaenda meza nyingine.

Doreen hakunilaumu. Alijilaumu mwenyewe, akasema huenda hakufunika katriji vizuri, vumbi limeingia. Baba mdogo akasema kichwa cha katriji kilikuwa kimechakaa. Wiki mbili akawa anaamka, anaenda shule, anarudi, hanyooshi mkono tena hata akijua jibu. Darasani kukawa na nafasi, Mama, nafasi kubwa ya mtu kujibu, na bado sikujibu.

Ijumaa Madam akatuita. Akasema mkuu wa shule anataka kuiona Jumanne mbele ya wazazi, kama mashine itapona. Doreen akamjibu, "Imekufa, Madam." Jana asubuhi akaipeleka kwa Baba mdogo aivunje atoe vipuri.

Sikuweza kuvumilia hilo. Nilichukua katriji nikiwa peke yangu, nikaiosha kwa maji ya moto mara sita, nikajaza rosela yangu isiyo na sukari. Ikachapa. Mistari yote.

Ungewaona! Baba mdogo akawaita wateja waje waone. Mama mdogo akanibeba juu juu, mie na ukubwa huu. "Kimya kimya kumbe fundi!" Doreen alilia kwa furaha. Na leo kanisani, mama mchungaji alipomuuliza habari za ule ugunduzi, akanishika bega akasema, "Mwulize huyu, mama. Mie nilikuwa msemaji tu. Jumanne anaongea yeye, kwa Kiswahili, nimeshamwomba Madam kwa simu."

Kwa hiyo nimepata kila kitu nilichokuwa nakiona kwake, na nimekipata kwa kuiba. Na unajua nilichohisi pale mlango wa kanisa, mkono wake begani? Wivu, Mama. Niliuonea wivu hata wema wake, jinsi ulivyomtoka bila kutafsiri wala kupima. Mie nisingeweza kusema vile. Jumanne nikisimama mbele ya wazazi nikaeleza nilivyoiponya, nitakuwa naeleza nilivyoiua, na nitakayemdanganya zaidi ni yeye, amekaa mstari wa mbele ananipigia makofi.

Nilianza barua hii nikitaka kukuomba uniambie la kufanya. Halafu nilitaka kukuomba uitunze siri. Sasa sijui nakuomba nini. Pengine unisomee tu mpaka mwisho.

Nisalimie Baba, mwambie viatu vya shule bado vizima. Msalimie Bibi mzaa baba, na shangazi anayeuza ndizi sokoni, na mjomba fundi baiskeli, mwambie angeiona hii printa asingelala. Msalimie mwalimu wangu wa darasa la saba, aliyeniambia nitaongea siku moja. Lugano mpe kofi dogo la upendo.

Mama, tangu nikae hapa karatasi hii imeingia chini ya Biblia mara nne, kila nikisikia mtu koridoni. Sasa nasikia ndala za Doreen. Anaburuta mguu wa kushoto, namjua. Anakuja kuniuliza Jumanne nitaanzaje, alisema atakuja akimaliza kufua. Ameshafika kwenye pazia la mlango. Sijaificha. Nimezisogeza kurasa zilizojaa upande wake wa meza, wa kwanza ukiwa juu, nimebaki na huu wa mwisho ninaouandika.

Anauliza, "Unamwandikia nani?"

Nimemwambia, "Soma."

Mwanao,
Tusekile