Panga la Arobaini na Moja

Jumatano, 6 Novemba

Bosi Halvorsen amempa Corwin usimamizi wa matengenezo ya tabaini, mtambo unaozunguka kutufulia umeme. Corwin! Niliyemfundisha mimi kushika nyundo. Miaka kumi na tisa nipo kwenye kituo hiki. Nilimpongeza, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Wivu? Ndiyo, wivu. Humu sidanganyi.

Ijumaa, 8 Novemba

Leo nimegonga mapanga ya tabaini, yale mabapa ya chuma yanayoizungusha. Moja moja, kwa nyundo ndogo, sikio karibu. Panga zima hulia kama kengele. La arobaini na moja halikulia — lilijibu kama kikombe chenye ufa. Nikalitia msalaba wa chaki, nikaenda kumwambia Corwin.

Nilimkuta kantini. Halvorsen amemwekea mkono begani, anatangaza kwamba huyu atamaliza siku mbili kabla ya muda, maana kila siku tuliyozima tunanunua umeme kutoka jimbo jirani la Manitoba kwa bei ya kuumiza. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Kisha nikarudi, nikaifuta chaki kwa kiganja.

Jumamosi, 9 Novemba

Corwin kauliza kama yote yamelia. Nikasema yamelia. Akatia sahihi fomu ya ukaguzi bila kugonga hata moja.

“Ukishasema wewe, Darla, mimi nigonge ya nini?”

Nilimchukia zaidi kwa kuniamini.

Alhamisi, 9 Januari

Baridi nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Nimo chumba cha kuongozea mitambo, zamu ya mchana. Mtikisiko wa tabaini unapanda tangu asubuhi. Halvorsen hataki kuzima — eti huenda ni beringi tu iliyolika, na mji wote unatutegemea. Panga moja likikatika kwa mwendo ule, linafyeka mengine na kupasua kasha la chuma linaloyafunika. Miezi bila umeme wetu. Na aliye karibu...

Corwin amejitolea kwenda kusikiliza. Alisimama kwanza mlangoni kwangu, akauliza kama Novemba sikusikia chochote. Nikatikisa kichwa: sikusikia.

Namwona kupitia kioo cha dirisha. Ameegemeza fimbo ya chuma kwenye kasha, ncha nyingine sikioni. Hana woga. Hata hilo namwonea wivu!

Redio ya mkononi imeita.

“Darla, njoo usikilize wewe. Masikio yangu siyaamini kama yako.”

Mshale wa mtikisiko umepanda tena. Kitufe chekundu cha kuzima tabaini kiko hapa, kando ya daftari hili. Nikikibonyeza wataniuliza nilijuaje kwamba ni panga, si beringi. Corwin ananipungia mkono, ananingoja —