Uchochoro Usio na Mtu

Mwenzangu, nimekwisha. Nimejifungia chooni hapa ukumbini.

Unaikumbuka picha yangu ya mwaka jana, ya uchochoro wa kina shangazi? Ile iliyoshinda shindano la picha. Kuta zimebabuka, mwanga unamwagika kwa juu, hakuna hata mtu mmoja. Ile niliyokuringia wiki nzima.

Leo ofisa wa ardhi kaionyesha ukutani, kubwa kama mlango, mbele ya kamati ya fidia ya bomoabomoa na wakazi wote. Akasema, "Mnaona wenyewe. Mwaka jana hapa palikuwa hapakaliwi. Hawa wamerudi juzi waliposikia habari za fidia."

Hapakaliwi. Na jina langu liko pale chini ya picha. Mimi, niliyelelewa mle ndani na shangazi.

Nikasimama, nikasema watu walikuwepo, ni mimi niliyewaomba wapishe kidogo ili kuta zionekane. Akaniuliza taratibu, "Basi unayo picha inayowaonyesha?"

Nikaomba muda nikaitafute.

Shangazi akanigeukia. Bora angefoka. Akasema, "Uliniambia nianue nguo, niondoe na viti, nisikuharibie picha. Nikaondoa."

Nikaondoa.

Wamenipa nusu saa. Nimefukua kamera nzima, picha mia mbili za mlango wake. Anaonekana kwenye moja tu, tena kiwiko, pembeni kabisa, ananinyooshea kikombe cha chai.

Na hiyo niliitia alama ya kufutwa.