Usipake Mafuta Mpaka Nirudi

Kijiji cha Lionja,
Nachingwea, Lindi.
7 Julai 2025.

Mpendwa Kaka Harithi,

Shikamoo kaka. Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua kimetulia, na lile goti halikusumbui sana katika baridi ya huko Njombe. Wifi Aurelia hajambo? Mwanetu Mwamini na wanawe wanaendeleaje? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mwenyezi Mungu, ila macho ndiyo yameanza kudai miwani hata kwa kuchambua mchele.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Tangu Idi nimekupigia mara kadhaa, na kila ukipokea swali lako la kwanza ni "Kuna nini?", kama vile mimi ni mtu wa kupiga nikiwa na msiba tu. Nikikujibu hakuna kitu, unasema haya, tutaongea. Basi nimeamua kuandika, maana karatasi haikatizwi maneno. Barua nampa kondakta wa gari la Songea, atampa mwenzake wa Njombe, pamoja na kifurushi kidogo. Hicho kifurushi nitakieleza huko chini, kwa hiyo kiweke kando kwanza.

Shamba si baya. Mvua ilitukimbia katikati, lakini ufuta tumevuna. Mikorosho nimeshaipiga salfa, na ile ya mama kule bondeni imeanza kuchanua mapema kuliko ya watu. Muhogo nguruwe pori wamekula upande mmoja wakaniachia upande mmoja, wana haki kuliko baadhi ya ndugu.

Mwanangu Amna yuko Ruangwa mjini, saluni yake imechangamka. Mwezi wa tano nilikwenda kwake nikakaa wiki. Alinihudumia vizuri, akanisuka, akanipeleka hadi Mbekenyera kuwaona wakwe zake. Lakini yaliyonipata siku ya kurudi ndiyo yamenifanya nikuandikie.

Niliteremka kwenye bodaboda pale njia panda, nikaingia uani. Ndoo ilikuwa palepale nilipoiacha. Kata ilikuwa imelala juu ya mtungi vilevile. Nikasema hodi kwa mazoea, halafu nikasimama kama mjinga nikisubiri niitikiwe. Mama alipokuwa hai, hata alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, nilikuwa nikirudi sokoni tu anauliza, "Safina, umerudi?" Siku ile hakuna aliyeuliza. Kaka, sikujua kwamba mtu anaweza kurudi safari akakuta nyumba haijui kama aliondoka.

Tangu mama atutoke nimekuwa najiambia nitazoea. Marehemu mume wangu Sadiki alipofariki nilizoea, maana mama alikuwepo wa kumpikia uji na kumgeuza. Sasa nikiamka sina wa kumgeuza. Napika kikombe kimoja cha mchele na bado kinabaki. Nakwambia wazi kwa kuwa ukiniuliza kwenye simu nitasema mimi mzima.

Basi jambo lenyewe ni hili. Nakwenda Kwa Fungo.

Ndiyo, kisiwa kilekile cha katikati ya mto Ruvuma, mlikokuwa mkienda na baba kila kiangazi, mkilala huko wiki nzima mkivua na kukausha kambare. Nakwenda kulala huko wiki nzima mimi mwenyewe, ndani ya hema. Usianze kutikisa kichwa. Tunaondoka Jumamosi ya tarehe 19 na kurudi Jumamosi inayofuata, inshallah.

Siendi peke yangu. Hajra anakuja, yule tuliyeanza naye darasa la kwanza, aliyekung'ata mkono kwa sababu ya bibo. Yeye ndiye aliyeniona nimekaa barazani siku nzima bila kuwasha moto, akaniuliza kama kuna kitu duniani ninachokitamani bado. Nikamjibu bila kufikiri kwamba natamani kukiona Kwa Fungo kabla sijafa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema naye hajawahi kulala mahali ambapo hakuna mtu wa kumwomba chai, kwa hiyo twende.

Hema tumelipata la mtumba, mnadani Nachingwea, la rangi ya machungwa. Mumewe Hajra, Mudrik, alijitia fundi wa kulisimamisha uani kwangu. Alisukuma fito huku na huku, jasho likamtoka, na lilipokamilika lilikuwa limechuchumaa kama kuku anayeatamia. Tulimpisha, tukalisimamisha wenyewe.

Walipoondoka niliingia ndani ya hema nikalala chali, mchana kweupe. Lina kidirisha cha wavu. Kupitia hapo nikaitazama nyumba yetu, mlango wazi, hakuna anayeingia wala kutoka, nikaiona kama nyumba ya watu nisiowajua. Nililia kidogo, sikufichi. Kisha mbuzi wa Mudrik akaingiza kichwa kuangalia kuna nini, ikabidi nitoke nimfukuze.

Ofisi ya kijiji nayo nilikwenda kuaga, ili tukipotea wajue pa kuanzia. Mtendaji ni kijana mstaarabu, ila hakunielewa. Akaniuliza kama tunakwenda kuvua, nikamwambia hapana. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama huko kuna madini. Nikamwambia hapana. "Sasa mama, wiki nzima porini mnakwenda kufanya nini?" Nikamjibu, "Kulala na kuamka." Alinitazama kwa huruma, nadhani amewaambia wenzake uzee umeingia.

Kaimu atatupokea. Huyu ni mjukuu wa yule rafiki wa baba aliyekuwa akiwavusha kwa mtumbwi. Siku hizi kazi ni yake. Ameshatuombea ruhusa kwa watu wa maliasili upande ule, naye atalala ng'ambo, akija kila asubuhi kutuangalia. Safari ni gari mpaka Mangaka, kisha bodaboda mpaka mtoni. Nyinyi mlikuwa mkitembea kwa miguu na mizigo kichwani, nami naona aibu kukwambia nimenunua mto wa kuegemea shingo.

Vyakula tumeshagawana. Mimi nabeba unga wa muhogo, mbaazi, chumvi na karanga za kukaanga. Hajra anabeba dagaa, sukari, majani ya chai na vidonge vya kusafishia maji, maana aliwahi kusaidia zahanati na mpaka leo anaona wadudu hata kwenye maji yanayochemka. Vyandarua tunavyo viwili, tochi mbili, na panga la baba. Mpini umekatika, nimeufunga kwa mpira wa baiskeli.

Kilichobaki ni mambo ambayo hakuna wa kuniambia ila wewe, kwa kuwa waliolala Kwa Fungo wote wamekufa isipokuwa wewe. Mlikuwa mkilala upande gani? Kaimu anasema viboko wana njia yao ya kupandia, lakini mto umebadilika tangu enzi zile. Nakumbuka baba akisimulia habari za mkwaju mkubwa na mchanga mweupe usio na mbu. Mkwaju uko kichwani mwa kisiwa au mkiani? Na ni kweli kiboko alikuwa hatajwi jina huko, mkimwita Bwana Mkubwa, au mlikuwa mnatutania tuliobaki? Mpe Mwamini maneno aniandikie kwenye simu, nitayapata kabla ya kuondoka.

Hilo ni ombi dogo. Lile kubwa linakuja, nawe vumilia.

Unakumbuka mlivyokuwa mkiondoka, lakini hukuwahi kuona tulivyobaki. Tangu siku baba alipotoka uani, mama alikuwa haweki mafuta mwilini wala hachani nywele, mpaka asikie sauti yake njiani. Nami kwa kuwa ni binti yake nilibaki naye hivyohivyo. Alisema safari ni ya wawili, anayetembea na anayemtunzia nyumbani, na huyu wa nyumbani akijiremba kama hakuna aliyeondoka, wa porini anakosa pa kushikia. Kiangazi kile, vumbi lile, tulikuwa tunapauka mpaka magoti yanapasuka. Shuleni wenzangu walikuwa wakiandika majina yao mikononi mwangu kwa kucha, na yanasomeka. Sikukasirika. Nilijua ni kwa ajili yenu.

Na mliporudi, baba kabla hajanywa maji aliishika mikono ya mama akaitazama. Hakuwa mtu wa maneno. Aliniambia tu, "Safina, lete mafuta." Wewe ulikuwa unashughulika kuonyesha kambare wako, hukuona.

Mambo ya kumwaga unga chini ya mti wa msolo, kuwaomba wazee waliokufa, nimeyaacha. Sheikh alishatukataza, na mimi Mungu namwogopa. Safari hii tutaisomea dua, basi. Lakini la mafuta sioni kama lina ibada ndani yake. Ni kumkumbuka mtu kwa ngozi, hakuna zaidi.

Hajra anatunziwa na Mudrik. Ndiyo, mzee mzima yule amekubali, ingawa ameanza kulalamika kuwa anawashwa kabla hata hatujafunga mizigo. Tulikuwa tunapepeta karanga, Hajra akaniuliza bila ubaya wowote, "Na wewe, Safina, nani anabaki kwa ajili yako?" Ungo ulinisimama mkononi. Amna nilikuwa nimeshamwambia. Alicheka, akasema mama, mimi mikono yangu iko kwenye mafuta kutwa, wateja watanikimbia. Ni kweli, kazi ni kazi, sikumlaumu. Nikamjibu Hajra, "Kaka Harithi." Nilijibu haraka, kama jambo tulilokwisha kubaliana. Kwa hiyo jina lako nimeshalitaja, usiniumbue.

Baba alikuwa hawakatazi wanawake kwenda kisiwani kwa ukali. Alisema lazima abaki mtu. Nimebaki, kaka. Nimebaki kwa ajili ya baba, kwa ajili yako ulipokwenda huko kutafuta kazi ukasema ni mwaka mmoja, kwa ajili ya Sadiki alipokuwa akienda na mizigo, kwa ajili ya Amna, kwa ajili ya mama. Na leo ndiyo nimepata nafasi ya kwenda, si kwa sababu nimeruhusiwa, ila kwa sababu hakuna tena anayenihitaji nibaki. Furaha ya safari ninayo, sitaki udhani sina. Lakini nikifikiria kukaa kule mchangani, maji pande zote, na duniani hakuna hata mmoja anayehesabu kuwa Safina hayupo, naogopa hilo kuliko Bwana Mkubwa.

Ombi langu ni kwamba kuanzia Jumamosi hiyo ya kuondoka usipake mafuta, mpaka nitakapokupigia kuwa nimerudi salama. Najua Njombe mwezi wa saba, upepo wake unakata midomo. Najua wifi atakuuliza una nini. Mwambie ni mambo ya kwetu, naye kwao wana yao. Kwenye kifurushi kuna chupa ya mafuta ya ufuta, ufuta wa shamba la mama, nimekamua mwenyewe. Nimeifunga kwa kitambaa na uzi. Iweke mahali utakapoiona kila ukinawa, usiifungue. Siku hiyo nikikupigia, usiniulize kuna nini. Niulize, "Safina, umerudi?" Kisha ukate uzi.

Ukiona huwezi, usinijibu kwa kunidanganya. Nitakwenda tu, gari tumeshaweka nafasi. Ila nitakwenda nikijua.

Nisalimie sana wifi Aurelia, mpe Tumsifu yangu, ingawa mimi najua kuitikia tu. Msalimie Mwamini na mumewe, na wajukuu wote kwa majina yao. Huku Hajra na Mudrik wanakusalimu, Amna anakuamkia mjomba wake, na watu wa msikitini wanauliza kila Ijumaa kama bado una ile sauti ya kuadhini.

Mwenyezi Mungu akulinde na baridi, akupe afya ya goti na ya moyo, na atukutanishe tukiwa hai, uani kwa mama, tukila kambare niliyemleta mimi.

Wako akupendaye, niliyebaki siku zote,

Mdogo wako,
Safina Lukumani

N.B. Katikati ya wiki ile waite wale wajukuu, uwape mkono wako mkavu. Mmoja aandike jina langu kwa kucha. Likisomeka, nami huko kisiwani nitakuwa nipo.