Sentensi Yangu ya Kwanza

Mwenzangu, pokea simu. Nimekwisha.

Ule muswada wa kupiga marufuku kulea watoto wa watu majumbani. Serikali ilileta tathmini ya athari zake, haina hata neno kuhusu akina mama watakaopoteza riziki. Kamati yetu huru ya kukagua tathmini tuliikataa. TULIIKATAA. Maoni yote nimeandika mimi.

Lakini unanijua na adabu zangu. Lazima nisifu kidogo ndipo nichape. Nikaanza: "Tathmini hii imeandikwa kwa ufasaha."

Sasa hivi waziri kasimama bungeni, mubashara, kasoma hiyo sentensi. Hiyo moja tu! Kafunga karatasi. "Hata kamati huru imetusifu." Makofi. Muswada umepita.

Nampigia mwenyekiti wetu, ananiambia, "Lakini si uliandika wewe?"

Si uliandika wewe!!

Halafu dada akapiga. Dada yangu huyu huyu, sebule imejaa watoto wa watu, aliyenisomesha kwa kazi hiyo hiyo. Nikajua leo natukanwa.

Hakunitukana. Bora angenitukana.

"Mdogo wangu, nimesikia kamati yenu imeisifu hiyo sheria. Kama wewe umeiona nzuri, basi ina heri. Nifunge lini?"