Neno Tulilolisema Angani

Yaya, ndugu yangu mkubwa mpendwa,

Mjukuu wangu Mbuyi ameanza kuruka na planeri, ndege kama zetu zile zisizo na injini. Huku ugenini kila moja ina kidude kidogo mbele ya rubani. Ndege nyingine ikikaribia, taa inawaka kuonyesha inakotokea. Hatari ikizidi, kinalia. Nilikitazama kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa na redio mbovu, macho, na neno moja. Mbuyi anataka nimpe neno hilo, nami tangu tuachane sijalitamka.

Unakumbuka moshi wa mashamba ya Lukafu, na hewa ya moto ikitupandisha wote wawili juu ya Kinsevere, katika duara moja? Aliyeingia alisema "Niko" na kutaja mahali alipo. Hakuendelea kupanda mpaka mwenzake ajibu kwa neno letu, "Nakumona", yaani nakuona. Siku moja ulipoita, nilikawia kujibu.

"Mudogo, unalala?"

"Sijakumona bado, Yaya."

"Basi mi natoka. Unazunguka sawa kuku ya kukatwa kichwa."

Ukaiacha hewa nzuri, ukaenda kutua katika shamba la mihogo, na wenye shamba wakakucheka mpaka ukacheka nao. Nilipokufikia ulisema tu, "Ile neno, hatuisemake bure."

Kisha mji ukavunjika. Watu tuliokua nao mtaa mmoja wakaanza kutuita wageni. Nikajikuta kituoni na mafurushi, nikingoja treni pamoja na umati wa wengine waliofukuzwa. Wewe hukuja kupanda. Ulikuja kuniaga, kwa kuwa Mama hakuweza tena kusafiri na mmoja wetu alipaswa kubaki naye. Treni ilipoanza kwenda nililia dirishani, "Yaya, niko huku!"

Ukapunga mkono. "Nakumona, Mudogo! Nakumona!"

Ulikuwa unatazama behewa jingine.

Nimeishi na macho yako yale. Habari za kifo cha Mama zilinifikia, zako, hapana. Barua zangu zilirudi, na niliowauliza hawakujua ulikoelekea.

Jana Mbuyi alinieleza kuwa kidude kile hukiona kidude chenzake tu. "Ndege isiyo nacho, Babu, kwangu ni kama haipo. Hapo lazima niangalie mwenyewe." Leo anaruka peke yake mara ya kwanza. Nimempa neno letu, na sharti lake: usiliseme kama hujaona.

Wewe ulilivunja sharti hilo mara moja, ukijua kwamba bila jibu ningeruka kutoka kwenye treni ile. Ningeruka kweli. Kwa hiyo sikulaumu, ila nimechoka kukutafuta upande ambao hakuna taa inayowaka.

Sasa naenda kusimama ukingoni mwa uwanja, nimtazame mtoto akipanda. Nawe, popote ulipo, usijibu kwa kunihurumia. Jibu ukiniona.

Niko huku,
Mdogo wako